Mkono wa Bwana Gervase

SEHEMU YA TISA

Barua zenu nimezipata. Fundi seremala mmoja ananiambia kumwacha mtu mzima na mkono hewani wiki nzima ni ukatili, na mama mmoja anauliza kama mimi nina wazazi. Ninao. Haya, tuushushe huo mkono.

Kwa yule aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo ni haya. Tuko Wexcombe, uani kwa Bwana Gervase Thornbury, mtu wa miaka hamsini na kitu, tumbo mbele, ndevu nyekundu ambazo siku hizi wekundu wake unatoka kwenye bakuli la rangi. Bonde zima linajua kwamba huyu si mtoto wa marehemu Bwana Humphrey, mume wa mama yake. Ni mtoto wa nje wa mfalme marehemu, baba yake Malkia wetu. Nani kasema? Kasema yeye mwenyewe, kwenye kila meza aliyoalikwa na kwenye chache ambazo hakualikwa.

Ushahidi anatembea nao. Anasimama miguu kaitanua na mikono kiunoni, vile vile mfalme alivyosimama kwenye picha. Anavaa mabega ya pamba na suruali yenye kile kimfuko cha mbele kilichojazwa vitambaa, fasheni iliyozikwa pamoja na mfalme mwenyewe. Vijana wa mjini wakimwona hugeukia ukuta wacheke kwanza, ndipo wamsalimu.

Mbele yake kapiga magoti Ibbot mfua nguo, kamshika binti yake Cicely, ambaye shingo imemvimba upande mmoja kwa ule ugonjwa tunaouita ugonjwa wa mfalme. Umeitwa hivyo kwa sababu dawa yake ni moja tu, mkono wa mwenye taji. Mfalme akigusa, mtu anapona. Ibbot hana wa kumfikisha London wala wa kumwingiza kwa Malkia, lakini mwana wa mfalme anaye hapa hapa, na mashuka yake anayafua kila wiki. Akaona aanzie kwa jirani.

Kosa lake ni kuchagua siku. Nyuma ya Bwana Gervase amesimama Bwana Anthony Felbrigg, mjumbe wa Malkia, aliyetoka London kuja kuchunguza kama kweli huku kuna mtu anayejidai damu ya kifalme. Malkia hana mtoto, umri unakwenda, na kila mwenye ndevu nyekundu anatazamwa kwa jicho la pembeni. Bwana Gervase akimgusa yule mtoto, ni uhaini, na dawa ya uhaini ni shoka. Asipomgusa, watu wake wote watajua kwamba ni mtu kama watu.

Mwenye akili angesingizia mafua. Bwana Gervase aliona anatazamwa, na akitazamwa huwa hajiwezi. Kidole chenye pete kikashuka, kikashuka, kikakaribia kabisa shingo ya mtoto.

Ndipo dirisha la juu likafunguka, na pispoti nzima ya mkojo, wa usiku kucha na asubuhi yote, ikamwagwa kichwani pake.

Bwana Gervase akaruka. Mtoto akapiga yowe akajishika shingo. Ibbot alilowa, mbwa wawili walilowa, na Bwana Felbrigg alirukiwa na matone kwenye viatu vya mahameli alivyovivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Sasa, kidole kiligusa au hakikugusa? Wapishi wanasema kiligusa. Watu wa zizini wanasema hakikugusa. Bwana Felbrigg, ambaye ndiye aliyeletwa kutazama, alikuwa anatazama viatu.

Dirishani alikuwa Bi Thomasine, mama mzazi, bibi kizee mwembamba mwenye macho ya paka.

"Radhi, mwanangu," akasema kutoka huko juu. "Nilidhani hapo chini hakuna mtu wa maana."

Wa kwanza kusogea alikuwa Mzee Wat Pellow, bawabu wa lango. Huyu ni mzee mwenye ndevu nyeupe tupu, yuko langoni tangu kabla Bwana Gervase hajaota meno. Hakungoja kuagizwa. Alimfuta mtoto shingo kwa aproni yake, akaifuta tena kwa kiganja cha mkono, akamwambia maneno fulani mpaka yule mtoto akaacha kulia. Kisha akaanza kumfuta bwana wake. Bwana Gervase akamsukuma kwa kiwiko, akamwambia atoke hapo, ananuka mbwa.

"Ndiyo, Bwana," akasema Mzee Wat. Hilo ndilo jibu lake la siku zote.

Bwana Felbrigg akasema mahojiano yatafanyika ndani, mara moja, na madirisha yote yawe wazi.

Ukumbini tulimkuta mtu ameshachagua kiti kizuri. Alikuwa Rafe Thornbury, binamu wa Bwana Gervase, mrefu, mkavu, mwenye tabasamu la mtu anayengoja msiba wenye pilau. Ndiye aliyepeleka habari London. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Binamu akikatwa kichwa, mashamba yatachukuliwa na Malkia, na Malkia humkumbuka aliyempa taarifa. Binamu akionekana haramu lakini asikatwe, mashamba yatakwenda kwa ndugu halali wa karibu. Ndugu huyo ni nani? Mtazame alivyokunja miguu.

Bwana Felbrigg alikaa upande upepo unakotoka. Alikuwa na mafua, na mguu unamuuma, na hakuipenda kazi hii tangu alipopewa. Aliwasomea mashtaka kwa kifupi. Bwana Gervase amesikika akiapa mezani kwa taji la baba yake. Amesikika akimwita Malkia "dada". Na asubuhi hii hii, yeye mwenyewe mjumbe akiwepo, wagonjwa wa mfalme wameletwa awaguse.

"Bwana Gervase," akasema, "nitakuuliza mara moja tu. Kabla hujajibu, shika shingo yako. Ishike kabisa."

Bwana Gervase akaishika. Ilikuwa bado ina maji.

"Unaipenda?"

"Naipenda."

"Basi jibu kama mtu anayeipenda. Wewe ni mtoto wa nani?"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya kwanza. Alitaka kusema uongo ulio salama, ukamkwama. Kwake haukuwa uongo wala ukweli, ilikuwa ndiyo roho yake. Alisema hawezi kuapa juu ya jambo ambalo hakulishuhudia, ila mama yake alimwambia kwa kinywa chake, angali mtoto wa kubebwa, kwamba alipatikana katika kitanda cha mfalme.

Rafe akaangalia dari kwa furaha. Bwana Felbrigg akapiga chafya, akasema aitwe mama.

Bi Thomasine akateremshwa ngazi ndani ya kiti chake. Mtumishi mmoja alishika mbele, Mzee Wat akashika nyuma. Waliposhusha kiti, Mzee Wat akamwekea mto mgongoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama hapo.

Bwana Felbrigg akamwuliza kwa adabu kama ni kweli aliwahi kumwambia mwanawe maneno hayo.

"Ni kweli," akasema Bi Thomasine.

Bwana Gervase akatanua miguu yake ya picha.

"Na kilikuwa kitanda cha mfalme hasa?"

"Hasa. Kililetwa na mkokoteni kutoka London, na mapazia yake. Wewe si mtu wa ikulu? Unajua mfalme halali kwenye kitanda cha mtu."

Bwana Felbrigg alikuwa anajua. Ninyi labda hamjui. Mfalme akitembea nchi yake, hulala nyumba za watu lakini huja na kitanda chake, na kukitandika ni kazi ya jopo zima la watu walioapishwa. Mmoja anachomachoma kwa jambia majani makavu yanayotandikwa chini, isije ikawa amefichwa muuaji ndani yake. Wengine wanatandaza godoro la manyoya. Halafu mmoja wao, aliyechaguliwa kwa unene wa mifupa, anaamriwa apande juu ya godoro agaagae, juu na chini, kulia na kushoto, aone kwa mwili wake kama kuna wembe uliofichwa. Baadaye wanabusu kila mahali mikono yao ilipogusa. Wanaifanya kazi hiyo nyuso zimenuna, kama wanaozika.

"Siku ile," Bi Thomasine akaendelea, "mfalme alikuwa porini anafukuza kulungu. Kitanda kilitandikwa mchana. Wenzake wakateremka jikoni kunywa. Yule wa kugaagaa akabaki, maana alikuwa hajamaliza kazi yake. Nami nikaingia kuleta mito."

Ukumbi mzima ulitega masikio. Hata mbwa.

"Mfalme alirudi jioni amelowa," akasema. "Akala, akalala, akakoroma. Alimsifu bata. Mimi hata uso hakuniangalia."

"Mama," akasema Bwana Gervase, "unasema nini?"

"Nasema kitanda kilikuwa cha mfalme, mwanangu. Aliyegaagaa ni mwingine."

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wahenga wetu walisema. Mgaagaa na godoro naye, inaonekana, hakula mkavu. Bwana Felbrigg alijificha ndani ya kola lake la mikunjo, na kola likawa linatetemeka. Wapishi waliokuwa wanasikiliza nyuma ya mlango hawakuwa na kola, wakacheka wazi.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Bwana Gervase. Miguu yake ilianza kukaribiana, polepole, mpaka ikakutana. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo. Alionekana kama mtu aliyeazimwa nguo za marehemu akaambiwa azivue njiani.

"Ni nani?" akauliza.

"Mtu wa kazi. Ndevu nyekundu, moyo mwema. Alikufa zamani." Alisema hivyo akitazama moto. Mzee Wat akasogea, akauweka sawa ule mto uliokuwa sawa tayari.

Rafe alikuwa amesimama. Alisema amesikia ya kutosha. Kwa hiyo binamu si mtoto wa mfalme, Mungu amlinde Malkia, lakini vile vile si mtoto wa Humphrey. Ni haramu wa mgaagaa vitanda. Basi nyumba hii ni ya nani?

Bwana Felbrigg akamkumbusha sheria. Waswahili tunasema kitanda hakizai haramu, na sheria ya huku inasema vivyo hivyo, ila imeongeza maji. Mume akiwa ndani ya bahari nne zinazokizunguka kisiwa hiki, mtoto atakayezaliwa na mkewe ni wake, hata akitoka na uso wa jirani, na hakuna mahakama itakayosikiliza mengine. Ni pale tu mume akiwa ng'ambo ya bahari ndipo mtoto huweza kukataliwa.

"Ndiyo maana nimefurahi," akasema Rafe. "Mwaka ule wote Humphrey alikuwa Ufaransa vitani. Nenda kanisani ukaone kaburi lake. Amechongwa na mavazi ya chuma, kakanyaga kofia ya Mfaransa."

Na ni kweli amechongwa hivyo. Kila Jumapili tunamwona. Watoto wa Wexcombe hufundishwa ushujaa kwa kuonyeshwa kile kiatu.

Bwana Gervase akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, bahati yake. Asubuhi alikuwa mwana wa mfalme mwenye mashamba, na sasa hana mfalme, hana mashamba, na ananuka. Alibaki na shingo yake tu. Rafe alikuwa ameshaanza kuyapima mapazia kwa macho.

Bi Thomasine akaanza kucheka. Kicheko chake ni kidogo, cha puani, lakini hakikomi.

"Ufaransa," akasema. "Humphrey alifika bandari ya Rye huku huku kwetu, akaiona bahari, akabadili mawazo."

Rafe akamwambia bibi asichezee jina la marehemu.

"Nani anachezea? Alikuwa anatapika hata kwenye mtumbwi wa bwawani. Vita vyote alikaa Rye, kwa mjane mmoja anayeuza pombe. Ile kofia ya chuma aliinunua kwa askari aliyekuwa anarudi kwao. Alinikuta na mimba, nikamkuta na harufu ya mjane. Yeye alijua langu, mimi nikajua lake, tukaishi kwa amani miaka thelathini. Yeye ndiye aliyesema tuache watu waseme ni mfalme. Alisema mfalme haaibishi."

Rafe akasema huo ni uongo wa kizee, na hauna shahidi hata mmoja.

"Shahidi yuko Rye. Yule mjane alizaa binti. Baa ni yake sasa. Hata hutauliza jina. Tafuta tu mtu mwenye pua ile."

Sote tukageuka ukutani, kwenye picha ya Bwana Humphrey. Pua ya Bwana Humphrey ilikuwa maarufu. Ilishuka vizuri kutoka juu, ikafika katikati, ikaghairi, ikaelekea kushoto.

Bwana Felbrigg aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu kitamu, kwamba amewahi kunywa katika baa hiyo, na mama mwenye baa alimhudumia mwenyewe, na pua hiyo aliiona. Alidhani aligongwa na mlango.

Mambo yakawa yamegeuka. Humphrey hakuvuka bahari, kwa hiyo Gervase ni mwanawe halali, awe ametoka kwa mgaagaa au kwa malaika. Mashamba ni yake. Rafe alirudi kwenye kiti, na tabasamu hakulipata tena siku ile.

Lilibaki jambo moja. Bwana Felbrigg akataka Biblia iletwe na milango ifunguliwe, watu wote waje wasikie. Bwana Gervase aape kwa sauti kwamba yeye ni mwana wa Humphrey Thornbury, ambaye hakwenda vitani, na kwamba hana tone la damu ya mfalme.

Mnadhani ni rahisi? Mtu akiwa ameishi maisha yake yote ndani ya uongo, uongo ule ndio nyumba yake, na kumtoa humo ni kumfukuza kwao. Bwana Gervase aliweka mkono juu ya Biblia, akafungua kinywa, akakifunga. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba labda ni heri shoka, maana shoka ni kwa watu wakubwa, na angalau watu wangesema alikufa kama mwana wa mfalme.

Mama yake akamwita karibu. Akamshika ndevu, kidole kikatoka na rangi.

"Nisikilize, baba," akamwambia. "Nilikuzaa mara moja, na kilichonitesa ni kichwa. Kilikuwa kikubwa hata mkunga aliita watu. Usinifanye nikizike peke yake."

Akaapa. Aliapa yote, neno kwa neno, Rye na mjane na tone la damu, watu wa Wexcombe wakiwa mlangoni wamekodoa macho. Alipomaliza alikuwa mfupi kuliko tulivyomzoea. Bwana Felbrigg akafunga Biblia, akauliza chakula cha mchana ni nini. Bi Thomasine akafumba macho. Mzee Wat akajipangusa uso kwa ile aproni yake chafu, na nadhani mimi peke yangu nilimwona.

Laiti ningeishia hapo. Mngeliweka gazeti chini mkalala.

Kelele zikaanzia langoni. Kwanza sauti moja, halafu nyingi, halafu kengele ya kanisa, ambayo haipigwi ovyo. Ibbot mfua nguo akaingia mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, amembeba Cicely. Akamsimamisha mtoto katikati ya ukumbi.

"Geuza shingo," akamwambia.

Mtoto akageuza shingo, kulia, halafu kushoto, shingo iliyokuwa haijageuka tangu mavuno. Ule uvimbe ulikuwa umepasuka. Usaha wote ulikuwa umetoka, na mahali pake pakabaki ngozi iliyolegea na alama ndogo ya mkwaruzo.

Mimi ninayo maelezo yangu. Mtu mwenye pete akimwagiwa pispoti huruka, na pete ina ncha. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nje walikuwa wanaimba. Kipofu wa kinu alikuwa anakuja, na kiwete wa mto wa juu, na kila mwenye shingo, na wote walikuwa wanaliita jina moja: mwana wa mfalme.

Bwana Gervase alikimbilia dirishani. Maisha yake yote alitamani kuitwa hivyo, na sasa alikuwa anawapungia mikono wanyamaze. Aliwapigia kelele kwamba yeye si mwana wa mfalme, kwamba ameapa sasa hivi, kwamba aliyemzaa alikuwa mtu wa kugaagaa vitandani. Wakamtazama kwa mapenzi. Mwanamke mmoja akamwambia jirani yake kwamba unyenyekevu wa namna hiyo haupatikani ila kwa wafalme. Kisha wakapiga magoti, uani kote, kwenye tope.

Bwana Felbrigg aliinuka bila kula. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Kiapo chako nimekisikia," akasema. "Lakini Malkia hataniuliza nani alikuzaa. Ataniuliza nani alimponya yule mtoto."

Akawaita askari wake wawili. Bi Thomasine alijaribu kuinuka kwenye kiti, miguu ikakataa. Rafe akakunja miguu upya. Askari wakamshika Bwana Gervase mikono, naye hakupinga, aliwatazama tu kama mtu anayetazama mvua.

"Si yeye," sauti ikasema.

Ilitoka nyuma ya kiti cha Bi Thomasine. Mzee Wat akaja mbele, aproni mkononi.

"Shingo ya mtoto niliigusa mimi," akasema. "Nilimfuta kwa aproni, halafu kwa mkono. Watu wote waliniona. Bwana alikuwa ameshamwagiwa, hajagusa kitu."

Bwana Felbrigg akamwambia mzee afikiri anachosema. Asiye na taji akiponya kwa kugusa, na si mtu wa ukoo mkubwa, haitwi mhaini. Anaitwa mchawi. Na mchawi huku hana heshima ya shoka, ananyongwa njia panda.

"Najua, Bwana," akasema Mzee Wat. "Nimewahi kuwa mtu wa ikulu. Nilikuwa mtu wa vitanda."

Alisema hivyo, akatanua miguu, akaweka mikono kiunoni kuupumzisha mgongo wake mbovu. Ukumbi mzima ukakiona kile kisimamo, kile kile cha picha, tulichokiona kwa Bwana Gervase miaka yote tukasema ni cha kifalme.

"Wat, nyamaza," akasema Bi Thomasine. "Nimeshawaambia umekufa."

Askari wakatazamana, wakamwachia mmoja, wakamshika mwingine. Kamba ikatolewa. Bwana Gervase alisimama pale alipoachwa, na nikaona kwamba ameelewa, maana alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, kile kiwiko alichomsukumia mzee asubuhi.

Bwana Felbrigg alichoka. Alitaka yaishe. Akamsogelea Bwana Gervase, akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye bwana wa nyumba hii, na neno lake litatosha.

"Ni mzee huyu aliyemgusa mtoto? Sema ndiyo, nitaondoka naye, na wewe utakula chakula chako cha jioni."

Mzee Wat alimtazama mwanawe, akatikisa kichwa kidogo sana kuafiki, kama anavyofanya kila siku akimfungulia lango.

"Sema ndiyo, Bwana," akamwambia. "Neno dogo tu."

Bwana Gervase akainua mkono, akaishika shingo yake. Ilikuwepo bado, na bado aliipenda. Kisha akafungua kinywa.